Kwa nini mchuzi wa kuchovya wa kornisho hutoa maji kabla wageni hawajafika?

MamaHimbi (Goma)
Jambo wote. Nina swali ambalo limeninyima raha tangu Jumapili. Mwanangu wa pili alipokea komunyo ya kwanza, na kwa kuwa nilitarajia wageni wapatao 40, niliamua kwamba pamoja na sambaza za kukaanga (wale samaki wadogo wa ziwa letu) na chipsi za makemba, yaani ndizi za kupika, niweke mezani mabakuli mawili ya ule mchuzi mzito mweupe wenye uchachu wa kornisho, yale matango madogo ya siki, ambao kila mtu huchovya kipande chake kwa mkono. Nilichanganya gramu 500 za mtindi wa dukani, gramu 200 za jibini laini ya kupaka niliyoletewa kutoka Gisenyi, kornisho za chupa moja nzima nilizozikatakata hadi zikawa ndogo kama punje za mchele, vijiko 3 vya supu vya maji ya chupa hiyo hiyo, punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa, na majani ya aneti. Saa 12 asubuhi kijiko kilisimama wima katikati ya bakuli. Saa 8 mchana nilipofunua nilikuta maji ya kijani hafifu yamezunguka kando zote, na katikati kumebaki kisiwa cha kitu kinachofanana na maziwa yaliyokatika. Ladha ilikuwa nzuri na wageni walikula, lakini niliona haya kuyaweka mabakuli yale mbele yao. Ni nani anayejua kwa hakika maji hayo yalitoka wapi?

KakaNdendere (Bukavu)
Mama, maji hayo yametoka ndani ya kornisho zenyewe. Tango bichi ni maji kwa takriban asilimia 95, na hata likikaa kwenye siki kwa miezi bado limejaa maji, ila sasa ni maji yenye chumvi na uchachu. Ulipozikata ndogo kama mchele ulizifungulia milango mingi, nazo zikaendelea kuvuja taratibu ndani ya mtindi kwa saa zote 8. Mimi huzikata, huzitia katika kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni yenye harufu, kisha hukisokota juu ya beseni hadi matone yakome kabisa. Chupa moja ya kawaida hunitolea karibu nusu kikombe cha chai. Hebu fikiria nusu kikombe hicho kikiwa ndani ya bakuli lako.

FundiMaziwa (Goma)
Nampa heshima KakaNdendere, lakini naona anamsingizia tango kosa la maziwa. Nimetengeneza mtindi kwa miaka mingi, kwanza kule kwetu Masisi na sasa hapa mjini, na ninachokijua ni kwamba mtindi wowote ambao maziwa yake hayakupashwa moto vya kutosha kabla ya kutiwa chachu hauna nguvu ya kushika maji yake. Maziwa yanatakiwa yafike kwenye nyuzi 85 na yakae hapo kwa muda, si kuchemshwa haraka na kuteremshwa, kwa sababu ule moto hubadilisha protini ambazo kwa kawaida huondoka na maji, nazo zikashikamana na zile zinazoganda. Jaribio lake ni rahisi. Chukua mtindi peke yake, bila kornisho wala chumvi, uchimbe shimo kwa kijiko, kisha uuache kwa saa 2. Shimo likijaa maji, basi Mama umepata jibu lako na kornisho hazikuhusika.

BibiKatuba (Lubumbashi)
Nyote wawili mmeruka jambo lililoandikwa wazi katika swali: vijiko 3 vya maji ya chupa. Ukitia siki ndani ya maziwa, maziwa hukatika, na hilo hata mtoto anayesaidia jikoni analijua. Mimi sitii hata tone moja la maji hayo, na mchuzi wangu hudumu tangu mchana hadi usiku.

MwalimuWaKemia (Bukavu)
Naomba kusahihisha kidogo, Bibi, kwa heshima yote. Siki hukata maziwa mabichi au krimu freshi, kwa sababu protini ya maziwa inayoitwa kaseini huganda uchachu ukifika kwenye pH ya 4.6. Lakini mtindi umekwisha kupita hapo. Ndiyo maana ni mtindi na si maziwa. Huwezi kukata kitu ambacho tayari kimekatika. Vijiko 3 vya maji ya chupa vilimpunguzia Mama uzito wa mchuzi tangu dakika ya kwanza, hilo nakubali, lakini havielezi kwa nini kijiko kilisimama wima asubuhi na mchana mchuzi ukawa umetengana. Ningetazama zaidi chumvi. Chumvi iliyomo katika vipande vya kornisho na katika maji yale huvuta maji kutoka mahali penye chumvi kidogo, na jibini laini pamoja na mtindi ni mahali penye chumvi kidogo.

BibiKatuba (Lubumbashi)
Asante, Mwalimu. Hata hivyo bakuli langu halitoi maji, na la Mama linatoa.

YayaBirere (Goma)
Nimewasoma wote kwa makini, na ninamwona KakaNdendere akisokota kitambaa kwa nguvu zote kama anayefua blanketi. Nina maelezo mengine. Mama, tazama kibandiko cha ule mtindi ulioununua. Mitindi mingi ya dukani imetiwa wanga ili ionekane mizito. Mate ya binadamu yana kimeng'enya kinachovunja wanga, ndiyo maana mkate ukiutafuna kwa muda mrefu huanza kuwa mtamu mdomoni. Mtu akionja kwa kijiko, kisha akakirudisha kijiko kilekile ndani ya bakuli, ameacha humo kitu kinachoweza kuendelea kuvunja uzito huo saa baada ya saa. Niliona jambo hili kwa macho yangu kwenye uji wa mtoto, ambao ulikuwa mzito wakati wa kumlisha na ukawa maji matupu ulipobaki nusu bakuli.

MamaHimbi (Goma)
Aksanti wote. Yaya, nimekwenda kukitafuta kibandiko katika takataka na nimekisoma: kimeandikwa wanga wa mahindi. Na ni kweli nilionja mara 2 kwa kijiko kilekile ili nijue kama chumvi inatosha. Lakini mabakuli yalikuwa 2, na nilionja moja tu, ilhali yote mawili yalitoa maji. Jambo jingine ambalo sikulisema mwanzoni ni kwamba umeme ulikatika tangu saa 3 asubuhi hadi karibu saa 7, hivyo frigo haikuwa baridi kama inavyotakiwa.

MtuWaKenya (Lubumbashi)
Kabla hamjaniuliza, Kenya ninayoisema ni komini yetu ya hapa Lubumbashi, si nchi ile. Je, hamfikirii kwamba tatizo ni mwinuko? Goma iko juu kuliko sisi, na nimesikia kwamba kule mapishi mengi hubadilika.

MwalimuWaKemia (Bukavu)
Mwinuko hubadilisha kiwango ambacho maji huchemkia. Goma na Bukavu ziko kwenye mita 1500 hivi, na kule maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, ndiyo maana maharage yetu hukawia kuiva. Lakini mchuzi huu haupikwi. Hata nyuzi 85 anazozitaja FundiMaziwa zinafikika hapa bila shida yoyote.

MtuWaKenya (Lubumbashi)
Nimeelewa. Basi niulize la pili: aneti ndiyo nini kwa Kiswahili? Mke wangu amenunua sokoni kitu anachosema ndicho, lakini kina harufu ya pipi.

DadaIbanda (Bukavu)
Aneti ni shibiti. Kilichonunuliwa nyumbani kwako nadhani ni shamari, kwa maana majani yake yanafanana sana, membamba kama nyuzi, lakini shamari ndiyo yenye utamu ule unaokumbusha pipi. Kaka, ponda jani moja kati ya vidole viwili kabla ya kulipa. Shibiti ina harufu kali ya kijani inayokaribia ile ya mbegu za kisibiti, na haina utamu. Ukikosa shibiti kabisa, majani ya kitunguu yaliyokatwa membamba yanatosha. Mchuzi utakuwa mwingine kidogo, lakini hautaharibika.

MzeeWaKalamu (Goma)
Nimefurahi kuona uzi wa jikoni unaojadiliwa kwa adabu. Niliishi Brussels kwa miaka kadhaa na ningependa kuongeza jambo kuhusu kornisho zenyewe, kwa sababu nahisi mnazungumzia vitu viwili kwa jina moja. Kornisho tulizorithi kutoka kwa Wabelgiji na Wafaransa ni matango machanga sana, madogo kama kidole cha mwisho, yaliyohifadhiwa kwa siki, na mara nyingine kwa siki yenye sukari. Mchuzi huu asili yake ni Marekani, na kule tango linalotumika ni kubwa zaidi, la aina iliyopelekwa New York na Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambalo kwa desturi yao lilichachushwa ndani ya maji ya chumvi pamoja na shibiti na kitunguu saumu bila siki, ingawa mengi ya dukani leo hutiwa siki. Jibini laini ya kupaka nayo ni ya jimbo hilohilo la New York, tangu karne ya 19. Desturi ya kuchanganya krimu chachu na kitu chenye ladha kali ili wageni wachovye chipsi ilisambaa huko katika miaka ya 1950, hasa baada ya mwaka 1954, pale watu wa California walipoanza kukoroga ndani yake unga wa supu ya vitunguu. Kwa hiyo Mama, kama chupa yako ilikuwa ya kornisho zenye sukari, hilo pia lina uzito wake, kwa maana sukari huvuta maji kama chumvi inavyovuta.

KakaNdendere (Bukavu)
Mzee, umenipa nguvu. Chumvi au sukari, maji yanatoka katika tango. Narudi kwenye kitambaa changu.

FundiMaziwa (Goma)
Na mimi narudi kwenye sufuria yangu. Mzee amesema huvuta maji. Swali ni huyavuta kutoka wapi, kwenye tango au kwenye mtindi?

MamaBagira (Bukavu)
Wakati mnavutana, naomba niseme ninavyofanya mimi, kwa sababu jibini ya kupaka ni ghali na si kila wiki inapatikana. Sisi Bashi tuna mashanza, ile jibini nyeupe ya maziwa yaliyoachwa yagande yenyewe na kuondolewa maji. Nanunua mashanza ya siku hiyo, naifunga katika kitambaa, naitundika kwenye msumari juu ya beseni tangu jioni hadi asubuhi, na asubuhi nakuta bonge jeupe, laini, linaloacha alama ya kitambaa kila upande kama chapa ya mkeka. Nalipitisha katika chujio la chai kwa mgongo wa kijiko ili punje zote zivunjike. Kwa gramu 400 za bonge hilo natia vijiko 2 vya mayonezi, kikombe kimoja cha kornisho zilizokamuliwa, kitunguu saumu punje 1 tu (punje 2 huwa kali mno zikikaa usiku kucha) na pilipili manga. Chumvi natia mwisho kabisa, baada ya kuonja, kwa sababu kornisho tayari zina chumvi ya kutosha. Mtu anayetumia mtindi afanye vilevile: lita 1 ya mtindi usiotiwa wanga ikitundikwa kwa saa 12 hubakiza chini kidogo ya nusu kilo, na kilichobaki ni kizito kama jibini ya kupaka.

MtuWaKenya (Lubumbashi)
Mama, hiyo mashanza sisi huku hatuna. Je, jibini ya Masisi haifai?

FundiMaziwa (Goma)
Kama mtu wa Masisi ningependa kukujibu ndiyo, lakini nitasema kweli. Jibini yetu ni ngumu, imekandamizwa na kuivishwa kwa wiki kadhaa, iko karibu na gouda ya Waholanzi. Hata ukiikwaruza kwa upande mdogo wa kikwaruzio itabaki punjepunje ndani ya mchuzi wa baridi, na ulimi utazihisi. Itumie kwa kuongeza ladha, gramu 50 hivi juu ya mtindi uliotundikwa, lakini usiitarajie iwe mwili wa mchuzi.

BibiKatuba (Lubumbashi)
Huku kwetu tunachovya kikanda, ule mkate mzito wa viazi vya okidi na karanga, badala ya sambaza, na ninawahakikishia kwamba uchachu wa kornisho juu ya kipande cha kikanda ni jambo ambalo wageni wa kutoka Kivu hulikumbuka hata baada ya kurudi kwao.

YayaBirere (Goma)
Bibi, sambaza ya ziwa letu ikitoka moto kwenye mafuta haina mshindani, na hata kama mababu zake waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo ni yetu.

MuuguziWaUsiku (Goma)
Samahani kwa kuingia katikati. Nimesoma kwamba umeme ulikatika saa 4 nzima, na hilo linanishughulisha zaidi ya maji ya kandoni. Frigo isipofunguliwa inaweza kustahimili muda huo, lakini siku ya karamu ni nani asiyeifungua? Chakula cha maziwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 32 kisizidi saa 1. Uchachu wa mtindi na siki hupunguza hatari, ila hauiondoi yote. Ombi langu kubwa ni kuhusu mayonezi ya nyumbani yenye yai bichi: msiitumie katika mchuzi utakaokaa mezani mchana kutwa. Mimi mwenyewe niliugua siku 3 baada ya arusi moja, pamoja na watu wengi wa meza yetu, na sisi sote tulikuwa tumekula saladi iliyotiwa mayonezi ya aina hiyo. Gawanyeni mchuzi katika mabakuli madogo, toeni moja moja, na bakuli kubwa mliweke ndani ya beseni lenye barafu.

MamaHimbi (Goma)
Aksanti sana, Dada Muuguzi, nimeliandika hilo kwenye ukuta wa jiko. Je, joto hilo la frigo lingeweza pia kutoa maji?

MwalimuWaKemia (Bukavu)
Linaweza. Mtindi unaopata joto, kisha ukapoa tena, hujikunja na kuachia maji yake. Sasa tuna kornisho zisizokamuliwa, mtindi usiopashwa vizuri, chumvi, kijiko kilichoonjewa na umeme uliokatika. Pasipo kujaribu kimoja kimoja hatutajua.

DadaIbanda (Bukavu)
Ongezeni na kukoroga. Mimi nimeona kwamba nikitumia mashine ya kusagia, mchuzi unakuwa laini kwa dakika 10, kisha unalegea kabisa. Nikikunja kwa mwiko polepole, unakaa.

MamaHimbi (Goma)
Nimerudi baada ya siku 4 na nimefanya kama Mwalimu alivyoagiza. Nilinunua mtindi usio na wanga, nikaandaa vikombe 4 vya gramu 200 kila kimoja, nikavifunika na kuviweka kwenye frigo tangu saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, bila kuonja. Cha kwanza kilikuwa kama cha Jumapili ile, kornisho zisizokamuliwa pamoja na maji ya chupa. Cha pili kornisho zilikamuliwa na maji ya chupa hayakutiwa. Cha tatu mtindi ulitundikwa usiku kucha lakini kornisho hazikukamuliwa. Cha nne nilifanya yote mawili. Nilipoinamisha vikombe juu ya kijiko cha supu, cha kwanza kilitoa vijiko 2, cha pili kijiko 1, cha tatu nusu kijiko, na cha nne hakikutoa kitu, isipokuwa kilikuwa kizito mno hivi kwamba chipsi ya makemba ilivunjika ndani yake, na uchachu ule ninaoupenda ulikuwa umepungua sana.

KakaNdendere (Bukavu)
Kutoka vijiko 2 hadi 1 kwa kukamua peke yake! Mama, nakushukuru.

FundiMaziwa (Goma)
Kutoka vijiko 2 hadi nusu kwa kushughulikia mtindi peke yake. Msomaji na ahesabu.

BibiKatuba (Lubumbashi)
Kikombe cha pili hakikuwa na maji ya chupa pia. Kwa hiyo huwezi kusema ni kukamua peke yake, Kaka. Nusu ya ushindi huo ni wangu.

MwalimuWaKemia (Bukavu)
Bibi ana haki katika hilo. Na mara hii umeme haukukatika, kwa hiyo joto halikupimwa. Wala wanga na mate ya Yaya, kwa sababu mtindi ni mwingine.

MamaBagira (Bukavu)
Kuhusu kikombe cha nne, Mama, uchachu uliopotea ulibaki kwenye beseni ulipokamua. Usiyamwage maji hayo. Yaweke pembeni, na wageni wakishaketi, rudishia kijiko kimoja kimoja huku ukikunja kwa mwiko, hadi chipsi iingie bila kuvunjika. Mchuzi utaliwa kabla haujapata muda wa kutengana.

MamaHimbi (Goma)
Hilo nitalijaribu Jumamosi, shemeji yangu anapokuja na familia yake. Nitaandaa vikombe 2 vya namna hiyo, na kimoja nitakiacha nje ya frigo kwa saa 4 kwa ajili ya Mwalimu, ambacho hakuna mtu atakayekila. Yaya, utapita tuchovye sambaza?

YayaBirere (Goma)
Nitapita asubuhi soko la Kituku kuchukua sambaza freshi, na nitakuja na kijiko changu.